Kuilinda Ngozi ya Mzee Katika Makazi ya Wazee: Maswali na Majibu

Makazi ya wazee ya Afrika Mashariki, yawe ya serikali kama Nunge huko Kigamboni na Sebleni huko Unguja, au ya mashirika ya dini kama Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na watawa wa Little Sisters of the Poor eneo la Kasarani jijini Nairobi, hupokea watu ambao ngozi zao zimekwisha kudhoofishwa na umri, na mara nyingi pia na maradhi na lishe duni ya miaka mingi. Majibu yanayofuata yanawahusu wauguzi, walezi na wasimamizi wa makazi hayo, na yamejengwa juu ya hoja moja: kwamba sehemu kubwa ya madhara ya ngozi yanayowapata wazee makazini hutokana na namna wanavyoogeshwa, wanavyolazwa, wanavyonyanyuliwa na wanavyoachwa na unyevu, na kwa hiyo kinga yake imo katika ratiba ya kazi ya mlezi kabla haijatafutwa kwenye duka la dawa.

Swali: Ni nini hasa kinachobadilika katika ngozi mtu anapozeeka?

Jibu: Ngozi ina matabaka mawili makuu, yaani tabaka la juu linaloitwa epidemisi, ambalo huzuia vijidudu visiingie na maji ya mwili yasitoke, na tabaka la ndani linaloitwa demisi, lenye mishipa ya damu, neva, tezi, na nyuzi za kolajeni na elastini ambazo ndizo huipa ngozi uimara na mnyumbuko. Katika ujana matabaka haya hushikana kwa mikunjo inayoingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikamana, lakini kadiri umri unavyosonga mikunjo hiyo husawazika na mshiko wake hulegea, ndiyo maana mvuto mdogo wa shuka, au wa mkono wa mlezi aliye na haraka, waweza kulibambua tabaka la juu. Wakati huohuo tezi za mafuta na za jasho hupunguza kazi, ngozi ikakauka. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hupungua, mifupa ya nyonga na visigino ikakosa mto wake wa asili. Mishipa midogo ya damu hupungua, kidonda kikachelewa kupona. Na hisia hufifia, hivi kwamba mzee hasikii usumbufu ule unaomfanya mtu mzima mwenye afya ajigeuze mara nyingi usingizini bila kujua.

Swali: Kwa nini mzee aliye makazini awe katika hatari kubwa kuliko mzee mwingine?

Jibu: Sababu ya kwanza ni kwamba wanaopelekwa makazini ni wale waliokosa msaada mwingine. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 huitazama familia kuwa ndiyo mhimili wa matunzo na makazi kuwa kimbilio la mwisho, kwa hiyo anayebisha hodi mara nyingi amekwisha kuishi peke yake kwa muda, amekula vibaya, na pengine haoni au hatembei vizuri. Sababu ya pili ni maisha ya pamoja, yaani vyumba, mashuka na mikono ya walezi wanaotoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Ni jambo la busara, basi, kila mzee akaguliwe ngozi ya mwili mzima siku anayopokelewa, kwa faragha na kwa idhini yake, na yatakayoonekana yaandikwe daftarini pamoja na mahali yalipo na ukubwa wake, kwa sababu jeraha lisiloandikwa siku ya kwanza huja kuhesabiwa baadaye kuwa limetokea makazini, au likasahauliwa kabisa, jambo ambalo ni baya zaidi.

Swali: Mzee aogeshwe namna gani, na apakwe nini?

Jibu: Hapa ndipo mazoea mema ya ujanani hugeuka kuwa madhara. Uso wa ngozi yenye afya una uasidi kidogo, ambao kwa kipimo cha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, huwa takriban 4.5 hadi 5.5, na uasidi huo huisaidia ngozi kushika maji na kuzuia bakteria. Sabuni nyingi za kawaida, na hasa sabuni ya mche ya kufulia ambayo bado hutumika kuogeshea wazee mahali pengi, huwa na pH ya 9 hadi 10. Ngozi ya kijana hurudisha uasidi wake baada ya muda mfupi, lakini ya mzee huchelewa, na ikisuguliwa kila siku kwa sabuni kali, dodoki na maji ya moto huishia kupauka, kupasuka na kuwasha. Sehemu zinazohitaji sabuni kila siku ni kwapa, sehemu za siri, mikunjo ya mwili na nyayo. Mikono, mapaja, mgongo na tumbo hutoshwa na maji ya vuguvugu siku nyingi, na kuoga mwili mzima kwa sabuni kwaweza kupunguzwa hadi mara mbili au tatu kwa wiki bila mzee kunuka, hofu ambayo walezi huibeba kupita inavyostahili. Maji yajaribiwe kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa mlezi, na kamwe yasiaminiwe kwa kauli ya mzee mwenye ganzi. Baada ya kuoga, taulo libonyezwe juu ya ngozi badala ya kuisugua, na katikati ya vidole vya miguu, chini ya matiti na kwenye kinena pakaushwe kwa utulivu, kwa kuwa unyevu unaobaki hapo hualika fangasi.

Mafuta yapakwe ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kwa kupitisha kiganja kuelekea upande vinyweleo vinakolalia. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yale yanayotokana na petroli na kuuzwa kila duka, yanatosha kabisa kwa wazee wengi, kwa sababu kazi yake ni kuyafungia maji yasitoke, na katika kazi hiyo hayazidiwi kwa kiasi kikubwa na krimu za bei kubwa. Mafuta ya nazi na ya alizeti nayo yanafaa, ila mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyaheshimu, yana dosari: utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kuyapaka mara kwa mara hudhoofisha tabaka la juu la ngozi, wakati mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo. Krimu zenye urea au glisirini huvuta maji kwenye ngozi na husaidia visigino vilivyokakamaa, lakini urea huchoma ikipakwa penye nyufa. Tahadhari moja husahaulika: nguo na mashuka yaliyolowana mafuta ya aina yoyote kati ya haya hushika moto haraka, kwa hiyo mzee aliyepakwa mafuta asiketi karibu na jiko la mkaa wala asivute sigara kitandani.

Kwamba mafuta peke yake yaweza kuleta tofauti si dhana tu. Utafiti uliofanyika katika makazi 14 ya wazee huko Australia Magharibi, ukahusisha wazee 980 na kuchapishwa mwaka 2014, uligundua kwamba kuwapaka wazee kilainishi cha ngozi mikononi na miguuni mara mbili kwa siku kulipunguza michaniko ya ngozi kwa karibu nusu, ikilinganishwa na makazi yaliyoendelea na utaratibu wao wa kawaida. Katika msimu wa kipupwe, hasa nyanda za juu ambako hewa ni kavu na baridi, ratiba hiyo ya asubuhi na jioni inafaa kuchukuliwa kuwa sehemu ya huduma ya lazima, sawa na kugawa chakula.

Swali: Vidonda vya mgandamizo hutokeaje, na vitatambuliwaje mapema kwenye ngozi nyeusi?

Jibu: Vidonda vya mgandamizo, ambavyo wengi huviita vidonda vya kitandani, hutokea pale nyama inapobanwa kwa muda mrefu kati ya mfupa na kitanda au kiti, damu ikashindwa kupita na chembe hai zikafa kwa kukosa hewa na chakula. Huzidishwa na msuguano, na pia na mvutano wa ndani, yaani hali ambayo ngozi hubaki imenata kwenye shuka huku mfupa na nyama za ndani zikiteleza kuelekea chini, kama inavyompata mzee aliyeegemezwa mito akiporomoka polepole kuelekea miguuni. Wataalamu hugawa vidonda hivi katika hatua nne: ya kwanza ngozi ni nzima lakini imebadilika rangi na haififii ikibonyezwa, ya pili tabaka la juu limetoka, ya tatu kidonda kimefika kwenye mafuta, na ya nne misuli au mfupa huonekana. Mwaka 2016 shirika la Marekani linaloshughulikia tatizo hili lilibadilisha istilahi yake kutoka vidonda kuwa majeraha ya mgandamizo, kwa sababu madhara huanza kabla ngozi haijachanika.

Shida kubwa kwa makazi ya Afrika ni kwamba vitabu vingi huielezea hatua ya kwanza kuwa wekundu, na wekundu huo hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, hata mlezi mwenye macho mazuri akaambiwa baadaye kwamba alizembea. Badala ya wekundu, mlezi atafute doa lililo jeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, au lenye rangi ya zambarau au ya buluu; aweke mgongo wa mkono wake hapo na kulinganisha, kwa kuwa sehemu inayoanza kuharibika huwa na joto zaidi au baridi zaidi, ngumu zaidi au tepetepe zaidi kuliko ile iliyo pembeni yake; na amtazame mzee usoni, kwa sababu asiyeweza kusema atakunja uso panapoguswa. Ukaguzi ufanyike kwenye mwanga wa dirisha au wa tochi. Mahali pa kukagua ni sehemu ya chini ya mgongo juu ya matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo na ncha za masikio, pamoja na pale mpira wa mkojo unapolalia paja na pale miwani au mrija wa hewa unapokalia pua. Kwa kuwa ukaguzi huu unaingia ndani ya kazi ya kuogesha, kuvisha na kugeuza, hauongezi muda wa kazi kwa kiasi cha kulalamikiwa.

Swali: Je, kuna njia ya kupima ni mzee gani yuko hatarini zaidi?

Jibu: Zipo kadhaa, na mbili ndizo mashuhuri. Muuguzi wa Uingereza Doreen Norton na wenzake walichapisha mwaka 1962 kipimo chenye vigezo vitano, ambavyo ni hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza na uwezo wa kuzuia haja, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 4, hivyo jumla huwa kati ya 5 na 20, na mwenye 14 au chini yake huhesabiwa kuwa hatarini. Kipimo cha Barbara Braden na Nancy Bergstrom wa Marekani, kilichochapishwa mwaka 1987, kina vigezo sita, kikiongeza lishe, msuguano na hisia, na kwa kawaida alama 18 au pungufu huashiria hatari. Cha Braden kina undani zaidi, lakini kwa makazi yasiyo na muuguzi wa kudumu kile cha Norton kinafaa zaidi, kwa sababu mlezi aliyefundishwa kwa siku moja aweza kukijaza kwenye karatasi. Kipimo kirudiwe kila mzee anapougua, anapoanguka au anapotoka kulazwa hospitalini. Kipimo kilichojazwa kisha kikafungiwa kabatini hakimsaidii mzee kitu.

Swali: Ni lazima mzee asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili?

Jibu: Kanuni ya saa mbili ilitokana na mazoea ya uuguzi wa hospitali zaidi kuliko na vipimo. Utafiti mkubwa uliofanywa katika makazi ya wazee ya Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wazee waliogeuzwa kila baada ya saa 2, 3 na 4, na haukupata tofauti ya maana katika idadi ya vidonda. Hata hivyo wazee wale walilala juu ya magodoro ya povu zito la ubora wa juu, na hapo ndipo msimamizi wa makazi ya hapa asikimbilie kupumzisha walezi wake. Godoro la sponji lililolaliwa kwa miaka mingi huwa limebonyea katikati, na njia rahisi ya kulipima ni mlezi kupenyeza mkono chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, pale nyonga ya mzee inapolalia: akihisi mfupa wa mzee kwa urahisi, au unene uliobaki ukiwa chini ya inchi moja, godoro hilo limekwisha. Juu ya godoro la namna hiyo saa mbili ni muda wa kuzingatiwa, hadi lipatikane jingine. Juu ya godoro zuri, na kwa mzee ambaye ngozi yake haionyeshi alama baada ya kila mgeuzo, saa tatu hadi nne usiku humwachia usingizi wake.

Mgeuzo nao una namna yake. Mzee asilazwe ubavu moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga, bali ainamishwe kiasi cha nyuzi 30 akiegemea mto au blanketi lililokunjwa mgongoni, na kichwa cha kitanda kisiinuliwe kupita nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula au kwa sababu ya kupumua. Visigino vining'inie hewani kwa kuweka mto chini ya mashavu ya miguu. Walezi wawili wamnyanyue kwa shuka au kitenge kilichotandikwa chini yake, kila mmoja akishika upande wake, bila kumburura. Anayeshinda kitini asisahaulike, maana kiti cha plastiki bila mto hubana kuliko kitanda: anayeweza ajiinue kidogo kila baada ya dakika 15, na asiyeweza asaidiwe kubadili mkao walau kila saa.

Yapo pia mambo ya kuacha kabisa, ambayo wauguzi wa zamani walifundishwa kwa nia njema. Kusugua mgongo kwa spiriti hukausha ngozi. Kukanda kwa nguvu penye mifupa huchana mishipa midogo iliyokwisha kuelemewa. Mto wa duara wenye tundu katikati hubana damu kuzunguka mahali palipokusudiwa kulindwa. Na glavu zilizojazwa maji na kufungwa, ambazo huwekwa chini ya visigino kama mto wa dharura, hazipunguzi mgandamizo kwa kiwango cha kutosha.

Swali: Unyevu wa mkojo na choo udhibitiwe vipi?

Jibu: Mkojo unapokaa kwenye ngozi huzalisha amonia inayoondoa uasidi wake, na choo, hasa cha kuhara, huwa na vimeng'enya vinavyoimeng'enya ngozi yenyewe, hivyo matako, kinena na mapaja hupata mwako unaosambaa bila mpaka wa wazi, ngozi iking'aa na kuchubuka juujuu. Hali hii hutofautiana na kidonda cha mgandamizo, ambacho kwa kawaida hukaa juu ya mfupa na kuwa na kingo zinazoonekana, na tofauti hiyo ina maana katika matunzo, kwani mwenye mwako wa unyevu hataponeshwa na kugeuzwa tu.

Dawa bora ni choo chenyewe. Wazee wengi wanaovishwa nepi wangeweza kwenda msalani laiti wangepelekwa kwa ratiba, yaani wanapoamka, baada ya kila mlo, kabla ya kulala, na kila baada ya saa mbili au tatu katikati yake. Kumvisha nepi mzee anayeweza kutembea kwa sababu walezi ni wachache ni kumtengenezea ugonjwa. Anayehitaji nepi, au pampasi kama watu wanavyoziita, abadilishwe mara inapolowa na mara moja anapopata choo, asafishwe kwa maji na kitambaa laini, kisha apakwe krimu ya zinki au safu nyembamba ya mafuta ya mgando. Krimu ya zinki haihitaji kukwanguliwa yote kila mara: iliyochafuka ifutwe juujuu na nyingine iongezwe. Poda iachwe, kwa sababu hugeuka madonge yanayokwaruza. Makintoshi, yaani mpira unaotandikwa kulinda godoro, usigusane na ngozi, bali ufunikwe kwa shuka au khanga ya pamba iliyokunjwa mara moja, na si kwa rundo la vitambaa, ambalo hulifanya godoro zuri lisifanye kazi yake. Vipele vidogo vyekundu vikijitokeza pembeni mwa mwako, huenda fangasi wa kandida wameingia, na hapo mzee ahitaji dawa ya fangasi kama klotrimazoli kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Swali: Ngozi ikichanika mlezi afanye nini?

Jibu: Michaniko ya ngozi, yaani pale kipande cha ngozi kinapofunuka mkononi au kwenye ugoko baada ya kugongwa au kuvutwa, hutia hofu kwa damu yake, lakini mingi hupona vizuri ikishughulikiwa papo hapo. Damu isimamishwe kwa kubonyeza polepole, jeraha lioshwe kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali, kisha kipande kilichofunuka kirudishwe mahali pake kwa pamba iliyolowa, bila kukikata. Juu yake pawekwe gozi yenye mafuta ya parafini au bandeji isiyonata, ishikiliwe kwa bandeji ya kuzungusha, kwa kuwa plasta ya gundi ikibanduliwa hutoka na ngozi nyingine. Mlezi mwangalifu huchora mshale juu ya bandeji kuonyesha upande ambao kipande kililazwa, ili atakayeifungua kesho afuate upande huohuo asije akakifunua tena. Kinga yake ni kucha fupi za mlezi na za mzee, kuvua pete na bangili wakati wa kazi, mikono mirefu ya nguo, na kumshika mzee kwa kiganja kizima badala ya ncha za vidole.

Swali: Upele ukiingia makazini utazuiwaje?

Jibu: Upele husababishwa na kidudu kisichoonekana kwa macho kinachochimba vijishimo katika tabaka la juu la ngozi, na Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza mwasho huanza baada ya wiki nne hadi sita, kwa hiyo anapogunduliwa mmoja, wengine wamekwisha kuupata bila kujijua. Kosa la kawaida ni kumtibu anayejikuna peke yake. Wazee wote wa bweni hilo, walezi wao na jamaa wanaowagusa mara kwa mara watibiwe siku moja, wenye dalili na wasio nazo, kwa krimu ya permethrini ya asilimia 5 inayokaa mwilini saa 8 hadi 14 na kurudiwa baada ya wiki moja, au kwa vidonge vya ivermektini pale daktari atakapoona vinafaa. Kwa wazee dawa ya kupaka ifike pia kichwani, nyuma ya masikio na chini ya kucha. Nguo na mashuka ya siku za karibuni yafuliwe kwa maji ya moto, yakaushwe juani na kupigwa pasi, na yasiyofulika yafungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu au zaidi, kwani kidudu hiki hakiishi muda mrefu nje ya mwili. Mzee dhaifu aweza kupata upele wa magamba mazito, ambao hauwashi sana lakini hubeba vidudu maelfu kwa maelfu, na mmoja asiyetambuliwa huambukiza makazi yote. Magamba yoyote mapya mikononi yachunguzwe kabla ya kuitwa ukavu wa uzee.

Swali: Vipi kuhusu krimu zinazouzwa bila cheti cha daktari?

Jibu: Zile zinazochanganya steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria katika tyubu moja hupendwa kwa sababu hupoza mwasho kwa siku mbili, lakini steroidi hiyo hufifisha dalili za fangasi huku ikiwaacha wasambae, na ikipakwa kwa miezi huifanya ngozi ya mzee kuwa nyembamba hadi kuchanika kwa kuguswa. Waliotumia mkorogo wa kujichubua kwa miaka huingia uzeeni na ngozi ya namna hiyohiyo. Mwasho unaozidi wiki sita licha ya kupaka mafuta utafutiwe chanzo chake katika figo, ini, kisukari, upungufu wa damu au dawa anazomeza mzee.

Swali: Wazee wenye ganzi na wale wenye ualbino wahitaji uangalizi gani wa ziada?

Jibu: Baadhi ya makazi ya Tanzania, yakiwamo ya Nunge na ya Bukumbi mkoani Mwanza, yana historia ya kuwatunza watu waliougua ukoma, na ganzi ya ukoma haiondoki kwa kuwa bakteria wametibiwa. Wazee hao, pamoja na wenye kisukari cha muda mrefu, wakaguliwe nyayo kila jioni, wavae viatu visivyobana hata ndani ya nyumba, na wasisogee karibu na moto. Hata asiye na ganzi anayeota moto kila siku hupata madoa ya mtandao kwenye miguu, ambayo mara chache hugeuka saratani. Kwa wazee wenye ualbino hatari kuu ni jua, na kidonda kisichopona usoni, shingoni au mikononi kichukuliwe kuwa saratani hadi ithibitike vinginevyo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992 ndicho kilichoanzisha utengenezaji wa Kilisun, mafuta ya kukinga jua yaliyokusudiwa watu wenye ualbino.

Swali: Chakula kina nafasi gani?

Jibu: Kubwa kuliko inavyodhaniwa. Miongozo ya kimataifa hupendekeza mzee aliye hatarini kupata vidonda vya mgandamizo apate protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 60 hadi 75 kwa mwenye kilo 50, isipokuwa figo zake zikiwa zimeshindwa. Uji mtupu asubuhi na ugali kwa mchuzi mchana haufiki hapo. Mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa, kikombe cha maharage yaliyopikwa na konzi ya dagaa wakavu vinakaribia gramu 60, na dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye uji au mboga humfikia hata asiye na meno. Maji nayo yapelekwe mkononi mwa mzee, kwa sababu kiu hupungua kwa umri.

Swali: Ni wakati gani mlezi asisubiri tena?

Jibu: Mzee apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo anapokuwa na eneo la ngozi lililovimba, lenye joto na maumivu, linalosambaa, hasa likiambatana na homa au kuchanganyikiwa kwa ghafla, kidonda kinachonuka, chenye rangi nyeusi au kinachoonyesha mfupa, malengelenge yaliyojipanga upande mmoja wa mwili au karibu na jicho, ambayo yaelekea kuwa mkanda wa jeshi na ambayo dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, au ngozi inayobambuka baada ya kuanza dawa mpya. Katika makazi yasiyo na daktari, namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu na jina la dereva wa zamu ya usiku vibandikwe ukutani katika chumba cha walezi, na daftari la ukaguzi wa ngozi lisafiri pamoja na mgonjwa.